Dizeli, Petroli na Daftari la Mke Wangu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Leo kikao cha familia. Ajenda moja: gari. Kigari chetu kina nafasi tano na sisi tuko sita. Mimi, Mama Pacha, binti yetu mkubwa, pacha wawili, na mama mkwe ambaye goti lake la kulia peke yake linahitaji kiti. Tumekubaliana: gari kubwa, lililoinuka, la viti saba. Mama mkwe anatoa nusu ya bei. Rangi tumekubaliana. Hata nani akae dirishani tumekubaliana, ingawa pacha walirushiana viatu kwanza.

Tukakwama kwenye injini.

Nikasema dizeli. Nikasema kwa sauti nzito, mkono mfukoni. Kabla sijafunga mdomo, shemeji yangu, kaka yake Mama Pacha, akasema petroli. Hakualikwa huyu! Alikuja eti kurudisha ngazi. Ngazi yetu amekaa nayo tangu mwaka juzi. Kwa nini airudishe leo, saa ileile ya kikao?

Nina mashaka.

Mama Pacha akasema tusikimbilie, kwanza tujue tunahitaji nini. Yeye ni mfamasia. Hakupi dawa ya kikohozi mpaka aulize kikohozi chenyewe kilianza lini, na je, kikavu au cha makohozi. Mama mkwe akasema yeye hajui dizeli wala petroli, anataka tu gari lisilomkunja. Kisha akanitazama. Kwa muda mrefu. Huyu naye nina mashaka naye.

Sababu zangu za kutaka dizeli: nguvu. Uimara. Mlio wa kiume. Basi. Sina sababu nyingine yoyote.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Haya, ipo sababu nyingine. Shajara ni yangu, nani atanisuta?

Kazini mimi ni karani wa masjala. Miaka kumi na minane nalinda mafaili. Hati ya kughushi naitambua nikiwa bado mlangoni. Nani ananiheshimu? Hakuna. Anayeheshimiwa ni Mhasibu. Kwa lipi? Kwa gari la dizeli! Likiingia asubuhi, kikombe changu cha chai kinacheza juu ya kisahani. Analiegesha penye kivuli, na kivuli ni kimoja tu. Hakuna maandishi popote kwamba kivuli kile ni chake. Nimepekua mafaili yote.

Wiki iliyopita alinikuta kwenye ngazi. Akauliza kama ni kweli tunanunua gari. Nikasema ndiyo. Injini gani? Ulimi ukateleza: dizeli. Akanipa mkono! Miaka kumi na minane hajawahi kunipa hata kidole. Sasa nirudi nikamwambie ni petroli? Thubutu!

Hata hivyo namchunguza. Kila Jumapili asubuhi anatoka nje ya mji na gari lile. Peke yake. Hana mke ubavuni, hana mtoto nyuma. Anarudi baada ya saa mbili. Dada wa mapokezi anakaa kandokando ya barabara ile, amemwona si mara moja. Mwanamume mzima, kila Jumapili, peke yake. Sisi wa masjala hatuhitaji kuelezwa. Kuna nyumba ndogo huko. Maskini mkewe.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Upelelezi. Nilivaa kofia na miwani ya jua, nikaenda gereji kwa yule fundi wa kike wanayemwita Spana. Alisoma na Mama Pacha shule ya msingi, ndiyo maana ya kofia. Nikamwambia nina rafiki yangu anataka gari kubwa la familia, kanituma kuuliza: dizeli au petroli?

Spana alikuwa mvunguni mwa gari, inaonekana miguu tu. Miguu ikauliza rafiki yangu huyo kwa kawaida huenda wapi. Nikasema mbali. Mbali kiasi gani? Mbali sana, hata mimi sijui. Akatoka, akafuta mikono kwa kitambaa, akanieleza polepole kama anayemfunga mtoto kamba za viatu. Dizeli inapenda barabara ndefu. Kwenye bomba lake la moshi kuna filta inayonasa masizi, na masizi hayo huungua pale injini inapopata moto sawasawa kwa muda mrefu. Mtu wa shule, soko, nyumbani, masizi yake hayaungui. Yanarundikana, filta inaziba. Mtu huyo achukue petroli. Mwenye masafa, mizigo na milima achukue dizeli, itamlia mafuta kidogo na atanishukuru. Sasa huyo rafiki yako ni yupi hapo?

Unamuuliza mtu swali, anakurudishia swali! Kanunuliwa huyu. Nikauliza ushauri ni kiasi gani. Akasema bure. Bure! Nikapata uhakika. Fundi hasemi bure ila kama ameshalipwa na mwingine.

Nilipokuwa natoka getini akaniita.

"Baba Pacha! Msalimie Mama Pacha. Mwambie asisahau kuandika."

Kofia haikusaidia. Na kuandika nini?

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimelipata! Daftari dogo, liko kwenye droo ya jikoni, chini ya vifuniko vya masufuria. Mwandiko wa Mama Pacha. Kila siku kuna mistari miwili, mitatu. Tarakimu. Na mwisho wa kila mstari herufi moja: P, P, P, P, D, P, P.

P ni nani?

Nimewapitia watu wote tunaowajua. Padri? Polisi? Yule jirani anayejiita Profesa? Na D? Daktari, dereva, dalali. D ametokea mara moja tu, P kila siku. Mara tano Jumatatu! Kikulacho ki nguoni mwako. Sikula chakula cha mchana. Nilikula nusu. Baadaye nikamalizia ile nusu, lakini bila furaha.

Kesho namfuata.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nilisema nakwenda kunyoa. Nikakodi pikipiki, nikamwambia kijana afuate kigari kile cheupe, asikaribie sana. Akauliza ni mke wangu? Nikasema ni mambo ya kiserikali. Akasema, mzee, mimi hupakia watu wa serikali kama wewe kila wiki, bora nikurudishe nyumbani ukapumzike.

Kituo cha kwanza, sokoni. Mama Pacha akasimamisha gari, akainamia dashibodi, akaandika. Cha pili, kwa fundi viatu. Akainama, akaandika. Cha tatu, kliniki, na mama mkwe akateremka hatua moja moja akishikilia mlango. Nikaingia nyuma yao, nikajibanza pale kwenye mti wa plastiki karibu na dirisha la dawa.

"Mkwe," akasema mama mkwe, bila hata kugeuza shingo, "kama umeshamaliza kunyoa, njoo unishikie mkoba."

Nikashika mkoba. Ulikuwa mzito ajabu. Mama Pacha akaja, akaniangalia nywele, ambazo hazikuwa zimeguswa, asiseme kitu. Mtu asiyesema kitu ndiye wa kuogopwa. Nikaona liwalo na liwe. Nikamuuliza P ni nani.

Alicheka hadi muuguzi akatoka kuangalia. P ni petroli! Safari fupi, inayofaa petroli. D ni dizeli, safari ndefu. Spana ndiye aliyemwambia apime wiki mbili, tangu tarehe mosi, kila safari ya nyumba yetu, umbali na herufi. Ijumaa ijayo ndiyo mwisho, Jumamosi daftari litasomwa mbele ya wote, na litakachosema ndicho tutakachonunua. Mama mkwe akadakia kwamba nusu yake itafuata daftari, haifuati mdomo wa mtu.

Nilipata ahueni kama dakika moja hivi. Kisha nikakumbuka: P, P, P, P, D, P, P.

Nimekwisha.

Kwenye benchi mama mkwe alikuwa akilisugua goti lake. Alisema daktari wa hapa kafika mwisho wa ujuzi wake, kuna bingwa wa magoti kwenye mji wa juu, kule milimani. Mama Pacha akanikumbusha kwamba ameniomba mara tano niwapeleke. Nikasema kigari hakiwezi ule mlima. Ni kweli kabisa. Sikuwahi kukijaribu, lakini ni kweli.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Mpango safi, wa halali. Daftari linapima kilomita? Basi nitalilisha kilomita! Asubuhi nikajitolea kupeleka watoto shule. Shule iko kilomita tatu. Nikapita njia ya kuzunguka mji mzima, kupitia kiwanda cha saruji, hadi daraja la pili, tukarudi kwa nyuma. Kilomita ishirini na sita! Binti mkubwa akauliza tunahama? Pacha mmoja akatapika kwenye begi la mwenzake. Tulipofika, geti lilikuwa limefungwa na mwalimu wa zamu akanifanya nisaini kitabu cha wachelewaji. Mimi. Si watoto. Mimi.

Nikarudi nikamwachia Mama Pacha asome kilomita mwenyewe. Mchana nikaangalia daftari. Ameandika: Shule, 3, P. Pembeni kwa herufi ndogo: Baba alipotea njia, 26, haihesabiwi.

Huyu mwanamke ananionea.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Siku ya mwisho. P ziko thelathini na nane. D ni mbili, na moja ilikuwa msiba.

Mama Pacha yuko kazini, mimi nimejitia homa nikabaki. Watoto shule. Mama mkwe amesinzia kwenye kochi, nimempitishia mkono mbele ya uso mara mbili, hakupepesa. Nikafungua droo.

Naandika haya bila majivuno: kazi niliyofanya leo ni ya kiwango cha juu. Miaka kumi na minane ya kukamata waghushi imenifundisha makosa yao yote. Mghushi mjinga hufuta. Mimi sikufuta hata nukta. Kliniki ilikuwa kilomita 7. Nikatanguliza 8 kushoto kwake: 87. Soko lilikuwa 4, likawa 74. Kwa fundi viatu, 2, sasa 72. (Hapo nilisita. Nani huenda kilomita sabini na mbili kushonesha soli? Mtu mwenye viatu vizuri, basi.) Na herufi je? Rahisi kuliko nilivyodhani. P ni D ambayo haijamaliza kula. Unalivuta tumbo lake mpaka chini, imeshiba.

Sikuwa na tamaa. Nimebadilisha ishirini na tatu tu.

Dhamiri ilinigusa kidogo wakati wa kurudisha daftari. Nikaiambia kwamba ni kwa faida ya familia. Ikanyamaza. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa ameshaamka, anatazama dari. Akaomba maji.

Nina mashaka.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Daftari limesomwa!

Sote sebuleni, shemeji naye yumo, hakosi. Mama Pacha akavaa miwani, akaanza. Soko, kilomita sabini na nne. Fundi viatu, kilomita sabini na mbili. Shemeji akakohoa chai. Kliniki, kilomita themanini na saba.

"Ndiyo maana goti lilikuwa linauma," akasema mama mkwe.

Mama Pacha hakucheka. Akaendelea mpaka mstari wa mwisho kwa sauti ileile anayosomea maelezo ya vidonge: moja mara tatu, baada ya chakula. Shemeji akaanza kusema jamani, hapa pana jambo. Mama Pacha akamkatiza. Akasema daftari ni daftari. Tulikubaliana litaamua, limeamua. Dizeli.

Kisha akasema kwa kuwa mimi ni mtu wa masjala, nitie saini chini ya kila ukurasa kuthibitisha kwamba safari hizi ndizo za nyumba yetu. Saini! Hakuna anayeniomba saini siku hizi. Nikatia kwa mbwembwe, ile saini ndefu yenye mkia. Kurasa sita. Mama mkwe akashuhudia kwa kidole gumba ingawa anajua kuandika vizuri sana.

Nimeshinda. Lakini mbona kirahisi hivi? Mama Pacha amewahi kubishana na mimi siku tatu juu ya pazia. Leo dakika kumi, na mchana mezani kaniongezea nyama. Sijapata usingizi wa alasiri.

Jumamosi, tarehe 22 Juni

Limekuja! Kijivu, refu, viti saba, dizeli. Si jipya, lakini Spana alikwenda nasi yadi ya magari, akalipekua kuanzia nozeli za mafuta hadi tairi la akiba. Nilimfuata nyuma nikimchunguza asije akala njama na muuzaji. Muuzaji alikuwa akimwogopa, kwa hiyo ama hapakuwa na njama, ama ilikuwa ya hali ya juu.

Spana akamwambia Mama Pacha gari ni zima kabisa, ila filta ya masizi imeshabeba kiasi, kwa hiyo wasisahau walichokubaliana. Nikauliza wamekubaliana nini. Wakasema mambo ya wanawake.

Nilipowasha injini, sauti ilinipanda kutoka kwenye nyayo mpaka kwenye meno. Pacha walipiga makofi. Mama mkwe aliingia kiti cha mbele, akanyoosha mguu wote, mara ya kwanza namwona akinyoosha mguu ndani ya gari, akafumba macho, akasema alhamdulillahi. Nikageukia dirishani kidogo. Vumbi.

Jumatatu, tarehe 24 Juni

Vikombe vya ofisini vimetetemeka! Niliwahi saa kumi na mbili na nusu, kivuli nikachukua mimi. Akafika, akaona, akaegesha juani. Nikajiandaa kwa ugomvi. Wapi! Akaja dirishani kwangu, akanipa mkono tena, akanitazama kama mtu anayempa mwenzake pole ya msiba.

"Karibu kundini," akasema. Akaondoka.

Kundi gani?

Jumanne, tarehe 9 Julai

Taa! Asubuhi, kati ya shule na soko, taa ya rangi ya chungwa imewaka kwenye dashibodi. Picha yake ni kama bomba lenye nukta nukta tumboni. Nikaigonga kwa kidole. Haikuzimika. Nikazima gari, nikasubiri, nikawasha. Ipo! Nani kaingia kwenye gari langu? Shemeji aliliazima Ijumaa kubebea godoro. Nikapata jibu.

Mchana Mama Pacha akaomba ruhusa kazini, tukaenda kwa Spana. Akachomeka kile kimashine chake chini ya usukani. Akasoma. Filta ya masizi inakaribia kuziba. Akauliza, tangu gari lije, limeenda safari ndefu ngapi? Nikamtajia: shule, soko, kwa fundi viatu. Akasema, lakini daftari lilisema soko ni kilomita sabini na nne?

Nikasema wamelisogeza.

Mama Pacha akafungua mkoba, akatoa daftari. Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha.

"Baba Pacha, saba yako ina mkanda tumboni. Ya kwangu haina. Tangu tuchumbiane unaandika hivyo. Nilijua kabla sijavaa miwani."

Nikauliza, sasa kama alijua, mbona alinyamaza. Akanieleza pale pale, mbele ya Spana na mbele ya mtu mwingine aliyekuja kubadilisha betri. Kwamba Spana alishamwambia dizeli itatufaa vilevile kama kila wiki ikipata barabara ndefu, moja tu, mwendo wa haraka. Kwamba bingwa wa magoti yuko kilomita tisini na moja kutoka mlangoni kwetu, na anawaona wagonjwa Jumamosi. Kwamba mama yake amelala na maumivu mwaka mzima na mimi nikisema kesho. Sasa alipoona mumewe ameandika kwa mkono wake kliniki ni themanini na saba, akaona ni afadhali anitake saini kuliko aniombe mara ya sita.

"Umekosea kilomita nne tu," akasema. "Nafasi imepatikana Jumamosi hii, unaenda. Na Jumamosi zote."

Yule wa betri alisahau betri yake, amesimama anasikiliza.

Nilisema bado naamini shemeji na lile godoro wana mkono.

Jumatano, tarehe 10 Julai

Nimemweleza Mhasibu habari ya taa. Akashusha pumzi, akafunga mlango wa masjala. Ya kwake iliwaka mwaka wa kwanza. Nyumbani kwake hadi ofisini ni kilomita tano. Akaambiwa ama abadilishe filta, bei ya kuuza ng'ombe, ama alipeleke barabara kuu kila wiki likaungue. Tangu hapo kila Jumapili anakwenda hadi kituo cha mizani, anageuza, anarudi. Mkewe alikwenda mara mbili, akachoka kutazama malori.

Kwa hiyo hakuna nyumba ndogo. Kuna masizi!

Miaka mitatu ofisi nzima inamsengenya, na aliyeanzisha sijui nani. (Namjua. Lakini aliniambia dada wa mapokezi. Baada ya mimi kumwuliza.)

Akaniuliza kama ningependa twende pamoja, magari mawili, moja nyuma ya jingine. Nikamtazama usoni kutafuta hila. Nilichoona ni mtu aliyechoka kwenda peke yake. Huwezi kujua, watu wana nyuso nyingi.

Jumamosi, tarehe 13 Julai

Safari. Mimi na mama mkwe, wawili tu. Mama Pacha alikataa kuja, eti gari linahitaji kupumua. Saa tatu asubuhi tulikuwa barabara kuu.

Nilitegemea mawaidha njia nzima. Akahesabu malori mpaka kilomita ya ishirini. Kisha akasema aliniona siku ile kwenye droo. Hakuwa amelala, maumivu hayamwachi alale mchana. Nikauliza kwa nini hakunisemea. Akasema alisikia nikinong'ona tarakimu nikiandika, kliniki themanini na saba, akajiambia huyu mtoto hajui anachokiandika, lakini acha aandike, atanipeleka.

"Mimi sikutaka dizeli wala petroli, mwanangu. Nilitaka kufika."

Kilomita ya arubaini na tatu taa ikazimika. Nikapiga kelele. Mama mkwe akadhani tumegonga mbuzi. Nikamwonyesha. Akapiga makofi naye, tukapanda mlima ule tukicheka kama wendawazimu, na gari halikuhema hata kidogo, linavuta kama linashuka. Dizeli!

Bingwa wa magoti ni kijana mwembamba mwenye mikono mikubwa. Alilikunja goti, akalikunjua, akalitazama kwenye picha. Akasema tumekuja kwa kuchelewa, ila hatujachelewa sana. Mwaka mwingine mmoja ingekuwa kisu. Sasa ni mazoezi na kurudi kila Jumamosi kwa wiki kadhaa. Mama mkwe aliniangalia, akakishika kiganja changu. Nikaomba maji. Hewa ya milimani ni kavu sana.

Daktari akatoa kadi ya mazoezi ya mwezi mzima. Kila siku, kuinua mguu mara ishirini asubuhi, ishirini jioni, na kuweka alama ya vema kwenye tarehe. Akauliza nani atasimamia. Mama mkwe akanionyesha mimi.

Nimepewa dhamana. Nikiri hapa: nimejifunza. Nimeona ujanja unavyomrudia mwenyewe. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Jumapili, tarehe 14 Julai

Usimamizi umeanza saa mbili asubuhi. Mama mkwe akainua mguu mara nne, akaomba chai. Baada ya chai akainua mara mbili, akasema inatosha, na mimi nilikuwa na miadi na Mhasibu barabara kuu. Nikafikiri kwa haraka. Kadi kila siku, asubuhi na jioni, ni usumbufu kwa mzee wa watu. Shida ya kadi ni alama. Basi nikazimaliza. Zote, safu ya asubuhi na ya jioni, kwa kalamu tatu tofauti ili ionekane ni siku tofauti. Nyingine nimezipindisha kidogo, kama za mtu aliyechoka. Hakuna tarakimu hata moja, kwa hiyo hakuna saba ya kunitia kitanzini. Kazi safi.

Adhuhuri Mama Pacha akaiomba kadi. Akaitazama muda mrefu. Akaniuliza, kwa upole mno, leo ni tarehe ngapi. Nikasema kumi na nne. Akauliza nina uhakika? Nikasema nina uhakika. Akaniuliza basi mama yake amefanyaje mazoezi ya jioni ya tarehe thelathini na moja.

Kuna mtu kamdokeza. Shemeji alikuwa hapa asubuhi, akinywa chai, anajifanya anasoma gazeti.

Kesho namfuata.